Mtaro Ulioishia kwenye Ua wa Minyaa

Jumatano, tarehe 22 Aprili 1992. Asubuhi jua lilichoma. Kufika saa sita mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mlima wa Jali, meusi chini, meupe juu, na hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mgomba.

Naanza na hali ya hewa kwa sababu kazi ndiyo iliyonizoesha. Mtu wa bustani akiamka, kabla hajasalimia watu anasalimia mbingu. Siku hiyo nitairudia mwishoni. Kwanza niwaeleze nilifikaje kwenye mteremko wa Gatsata, mimi Mwajuma, mama yake Shabani, mtoto wa Rwezamenyo, mtaa wa Waswahili mjini Kigali, ambaye kwetu jembe lilikuwa kitu cha kukorogea zege.

Ninyi vijana mmeniomba niwasimulie kazi ilivyokuwa kabla ya bustani zenu za magunia na mipira ya kumwagilia. Shule yangu iliishia darasa la sita. Mkiona mahali nimekosea, huenda nimekosea kweli. Ulizeni na wengine.

Rwezamenyo tulikuwa watu wa kushona, kuendesha malori, kuchinja na kukaanga. Watu wa milimani walikuwa na utani wao: Mswahili anajua bei ya maharage, hajui maua yake. Kwa upande wangu walisema kweli. Nilikuwa nauza viazi vya kukaanga karibu na msikiti, na viazi vilishuka kwa malori kutoka kaskazini. Vita vilipoanza huko, mwaka wa tisini, malori yakawa yanakuja leo, kesho hayaji. Siku moja niliwasha moto, nikachemsha mafuta, nikakaa nayo mpaka adhuhuri bila kiazi hata kimoja. Hapo nikajiambia, Mwajuma, umeishi miaka yote hii ukingoja chakula kishuke kwenye gari. Nenda ukaone kinakotoka.

Nikaajiriwa na mradi mdogo wa bustani, kule Gatsata, juu ya Nyabugogo. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubeba samadi kutoka machinjioni, kwa toroli, kupanda nayo mlima. Mume wangu Rajabu, fundi cherehani, aliwaambia wateja wake: "Mke wangu anatoka nyumbani na udhu, anarudi na samadi." Lakini mboga nilizoleta alikula, tena aliongeza.

Aliyekuwa juu yetu tulimwita Agronomu, kijana mwenye miwani, mpole, aliyesomea kilimo. Na aliyenifundisha kwa mikono ni Mukecuru Verediyana. Mukecuru ndivyo wanavyomwita bibi mzee kwa heshima. Mimi nilimwita Mukecuru Veredi, yeye akaniita "Mswahili wangu". Mradi ulichagua shamba lake liwe la mfano kwa sababu lilikuwa kali kuliko yote. Mbuzi akipanda mteremko ule alipumzika katikati. Alilima peke yake, akalisha wajukuu zake kwa hilo hilo, na pengine pa kulima hakuwa napo.

Niwape kwanza makosa yangu madogo, mcheke mapema tuendelee.

Wiki yangu ya kwanza nilichukua samadi mbichi, ikitoa moshi, nikaifukia kwenye mashina ya miche ya kabichi. Niliona nafanya ukarimu. Baada ya siku chache kabichi zote zilikuwa zimelala, kingo za majani zimeungua kama zimepigwa pasi. Nikamwita Mukecuru Veredi, nikingoja matusi. Akachuchumaa, akatia kidole kwenye udongo, akakitoa haraka.

"Mswahili wangu, kwenu mnakula uji ukiwa unachemka?"

"Tunapuliza kwanza, Mukecuru."

"Basi na kabichi ipulizie."

Tangu siku ile nilijua: samadi hurundikwa, tabaka la samadi, tabaka la majani, majivu kidogo, halafu unafunika kwa majani ya mgomba. Unachomeka fimbo katikati. Ukiichomoa ikiwa moto, geuza lundo, ngoja. Ikitoka baridi, yenye unyevu, na inanuka kama msitu baada ya mvua, hapo ndipo umpe mche. Mkinunua mbolea madukani sawa, siwakatazi, lakini fimbo hiyo ni bure.

Kosa la pili lilikuwa la maharage. Mukecuru Veredi alipanda maharage ya kila rangi pamoja: mekundu, meusi, meupe, ya njano, yenye madoa kama yai la kanga. Mimi, kwa macho ya mtu wa sokoni, niliona uchafu. Nikashinda nikiyachambua rangi kwa rangi, nikampangia kwenye vikapu, najisifu. Akaangalia, akacheka mpaka akashika ukuta. Akayamwaga yote pamoja tena.

"Haya mekundu yanapenda mvua," akasema. "Haya meusi yanavumilia jua. Haya madogo yanaota hata juu ya mawe. Wewe unajua mwaka huu utakuja wa namna gani?"

"Sijui."

"Na mimi sijui. Ndiyo maana napanda yote."

Lakini niwe wa haki. Agronomu naye alileta maharage yake, aina moja, yale yanayopanda juu ya miti, na kwenye shamba dogo yalizaa mengi kuliko ya Mukecuru. Mukecuru mwenyewe alikubali. Alichokataa ni miti ya kuyasimamishia, maana miti ilikuwa adimu na kuni zenyewe za shida. Mwishowe walipanda yote, ya Agronomu kandokando palipo na mabua ya mtama, mchanganyiko katikati. Msije mkasimulia kwamba mzee alimshinda msomi, au msomi alimshinda mzee. Walibishana, wakala maharage ya pande zote.

Sasa mtaro.

Ardhi ya mlima ina kazi moja usiku na mchana, nayo ni kushuka. Mvua ikinyesha inabeba udongo mweusi wa juu, ule wenye chakula, na kukuachia wewe udongo mwekundu unaong'aa kama sahani iliyorambwa. Dawa yake ni kukata mtaro ubavuni mwa mlima, ukienda sawasawa, usipande wala usishuke, ili maji yakae, yanywewe na ardhi taratibu. Udongo unaochimba unautupa upande wa juu wa mtaro, na juu ya tuta hilo unapanda mabingobingo, yale majani marefu ya malisho. Mizizi inashika tuta, majani unampa mbuzi.

Kupata usawa huo tulitumia kipimo cha miti. Miti miwili mirefu sawa, imefungwa kileleni ikatanuka chini kama miguu ya mtu, na ufito mmoja umekatiza katikati. Kileleni unaning'iniza uzi wenye jiwe. Uzi ukigusa alama ya katikati ya ufito, miguu miwili iko usawa mmoja. Unapigilia kijiti, unazungusha mguu mmoja mbele, unapima tena, na hivyo kipimo kinatembea mlimani kama mzee asiye na haraka. Siku ya upepo msipime. Jiwe linacheza na kuwadanganya. Mimi ndiye nilikuwa mpimaji. Agronomu alinipa kazi hiyo kwa sababu, alisema, mikono yangu haitetemeki. Hakujua moyo.

Tulichimba miezi ya kiangazi, mtaro chini ya mtaro. Wa katikati ndio ulikuwa mrefu kuliko yote. Ulipita shamba zima la Mukecuru Veredi mpaka ukafika kwenye ua wa jirani yake, Mzee Karoli. Ua wenyewe ulikuwa wa minyaa, ile mimea ya vijiti vya kijani isiyo na majani, yenye utomvu mweupe kama maziwa. Pale ukakoma.

Ulikoma kwa adabu. Kwenye mlima ule jembe haliingii kwa mtu kama mwenyewe hakuliita. Hata kugeuza makali yake yaelekee nyumba ya jirani ni ubaya. Agronomu alikuja, akaona ua, akasema, "Hapa ndipo mpaka, Mama Shabani, tunasimama, iko sawa." Mukecuru Veredi akasema vivyo hivyo. Na mimi niliyeshika kipimo, niliona kabisa kwamba mbele ya ua ardhi inaanza kukunjama kuelekea nyumba ya Karoli, nikafunga mdomo, maana mgeni hasemi habari za mipaka ya watu. Watu watatu, kila mmoja na adabu yake, tukaacha mtaro mdomo wazi mbele ya ua.

Maji hayana adabu hiyo. Mvua za kwanza za mwezi wa tatu zilijaza mtaro, zikafika mwisho, zikapenya kati ya mashina ya minyaa na kumwagika kwa Karoli. Zikapita kwenye migomba yake, zikaingia jikoni kwake, zikazima moto wake na kumwachia tope hadi vifundoni. Na tope hilo lilikuwa udongo mweusi wa Mukecuru Veredi, wenye samadi yangu ndani yake. Kwa hiyo mmoja alipoteza jiko, mwingine alipoteza shamba, kwa mvua hiyo hiyo moja.

Karoli hakuja kutuambia. Yeye na Mukecuru Veredi walikuwa hawasemeshani. Mbuzi wa Mukecuru aliwahi kuvuka akala miche yake ya kahawa. Karoli alimfunga kamba mbuzi, akamrudisha, salamu akabaki nazo. Mukecuru naye akampokea mbuzi, asante akabaki nayo. Misimu ikapita hivyo.

Vijana, najua mtauliza Karoli alikuwa kabila gani na Veredi kabila gani, kwa sababu habari zote za miaka ile mmezisikia zikianzia hapo. Nilijua, wakati ule kila mtu alijua. Lakini ugomvi wao ulikuwa wa mbuzi, na haki ni kuuacha uwe wa mbuzi.

Karoli alikwenda kwa konseye, kiongozi wa sekta. Konseye akaja na mwavuli wake, akatazama jiko, akatazama mtaro. Hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza pande zote, halafu akatoa neno lake. Shamba kali namna hii, alisema, wilaya ilishataka kulipanda mikaratusi. Tutawaacha mpaka Pasaka ipite. Mvua kubwa zikija na maji yakiingia tena jikoni kwa mtu, mitaro inafukiwa na miti inapandwa.

Mukecuru Veredi alikwenda akakaa kwenye tuta, akaanza kung'oa magugu ambayo hayakuwepo.

Agronomu alijaribu. Alitaka shimo kubwa mwishoni mwa mtaro, upande wetu, limeze maji. Wazo zuri. Tulichimba, tukakuta mwamba. Tukasogea, mwamba. Akavua miwani akaifuta, akasema njia ni moja: mtaro uvuke ua, upite nyuma ya jiko la Karoli, ukamwage kwenye korongo lililokuwa ng'ambo ya shamba lake. "Lakini mtu lazima amuombe," akasema, akaniangalia. Mukecuru Veredi naye akaniangalia.

Kuomba jambo kama hilo huendi mikono mitupu. Unakwenda na pombe. Mukecuru alikuwa na pombe ya ndizi, iliyoiva vizuri, akaijaza kwenye kibuyu, akaziba kwa jani la mgomba, akanikabidhi mimi. Mimi, mwanamke wa Kiislamu, Ramadhani ikiwa katikati, nimefunga.

"Mukecuru, kwa nini mimi?"

"Wewe huna mbuzi."

Nikakifunga kibuyu kwa kitenge ili kisijulikane. Wapi! Harufu ilinitangulia. Njiani wanawake waliokuwa wakiteka maji wakaniita, "Mama Shabani! Mwezi mtukufu huu?" Nikawajibu ni dawa. Wakasema na wao wanaumwa.

Nikazunguka mpaka kwenye lango la Karoli. Alikuwa mjane, mrefu, ameketi akimenya ndizi kwa kisu butu. Tulisema Kinyarwanda, maneno yetu ninayaweka hapa kwa Kiswahili kadiri ninavyokumbuka.

"Mswahili wa bustani. Na hicho kitoto ulichobeba?"

"Kibuyu, Mzee. Kimetoka kwa jirani yako."

"Jirani yupi? Nina majirani wengi."

"Wa upande wa mbuzi."

Akaendelea kumenya. Kisha akanisogezea kigoda, akaingia ndani, akatoka na mrija. Nikashukuru Mungu moyoni. Akafungua jani, akanusa, uso ukalegea kabisa. Akautia mrija ndani, akanigeuzia.

"Onja."

Hapo ndipo akili zangu ziliporudi. Kwa Wanyarwanda anayeleta pombe huonja kwanza, mbele ya macho yako, ujue hakuna sumu. Mtoto mdogo analijua hilo. Mimi nimezaliwa Kigali, nimekulia Kigali, na nilikuwa nimelisahau kwa sababu halijawahi kunihusu.

"Mzee, nimefunga."

"Jua likizama?"

"Hata likizama. Kwetu ni haramu."

Akautoa mrija taratibu, akaupangusa. "Kwa hiyo Verediyana ameniletea pombe kwa mkono wa mtu asiyeweza kuionja. Hiyo ni dharau au ni sumu? Nichagulie."

"Mimi nachagua kurudi nyumbani."

"Rudi. Kibuyu kiache."

"Kama kina sumu unakitakia nini?"

Alitaka kucheka, akajizuia. Na hapo, nyuma ya ua wa minyaa, sauti ikatoka. Mukecuru Veredi alikuwa amesimama upande wake, pale mtaro ulipoishia, anasikiliza tangu mwanzo.

"Wewe Karoli! Ningetaka kukuua ningehangaika na sumu? Ningekuacha tu uendelee kula unachojipikia!"

Nikaangalia zile ndizi zake kwenye chungu, za kijivu. Haki isemwe, alikuwa na hoja.

Karoli akasimama. "Njoo uonje mwenyewe basi!"

"Nipite wapi? Ua wako ni mnene kama kichwa chako!"

"Zunguka!"

"Kwa mguu huu? Mzungushe mbuzi!"

Karoli akaingia ndani, akarudi na panga. Nilisema Yarabi. Lakini alivua koti lake, akalitupa juu ya ua. Akasema, "Funika macho, Verediyana, utomvu huu unapofusha," akaanza kukata. Tazameni jinsi alivyofanya, kwa sababu mtakutana na minyaa siku moja: alisimama upande upepo unakotoka, akakata kwenda chini, kamwe si kwenda juu, na kila alipokata alipaka jivu kwenye kovu, maziwa yakakauka. Akakata mpaka pakapatikana upenyo wa mtu mmoja. Akamnyooshea mkono, akamvusha.

Mukecuru Veredi akakaa kwenye kigoda changu. Akavuta pombe, akameza, akamtazama Karoli bila kupepesa, akavuta tena.

"Moja inatosha kuonja," Karoli akasema.

"Nahakikisha."

Akampa mrija. Wakanywa kwa zamu, wakimsema mbuzi: Karoli akisema mbuzi yule ana tabia za mwenyewe, Mukecuru akisema kahawa ile hata bila mbuzi isingeota. Mimi nimekaa chini na njaa yangu ya saumu, sina la kuchangia. Baadaye Karoli akageuka, akauangalia upenyo aliokata. Nyuma yake mdomo wa mtaro ulikuwa wazi, mkabala kabisa.

"Maji yako yanatoka hapo?"

"Hapo hapo."

"Mimi nimeshakata, basi. Leteni hilo jembe."

Mpaka leo sijui kama Mukecuru Veredi alinituma kwa makusudi, akijua sitaonja na itabidi aitwe mwenyewe. Nilimuuliza siku nyingine. Akasema, "Mimi mzee, nasahau nani anakunywa na nani hanywi." Alikuwa hasahau hata mbegu alipoidondosha.

Sasa kazi ikawa yangu. Mtaro wa kukaa na maji unaupima sawasawa, lakini huu ulikuwa wa kuyapeleka maji korongoni, kwa hiyo lazima ushuke, kidogo tu. Ukishuka sana maji yanakimbia na kukata ardhi kama kisu. Ukikosa kushuka yanasimama nyuma ya jiko la mtu. Agronomu alinifundisha ujanja: unapachika kibao chembamba chini ya mguu mmoja wa kipimo, halafu unapima kama kawaida, uzi katikati. Kibao kinakaa chini ya mguu wa mbele, ule unaoelekea yanakokwenda maji. Nilipima. Wao wakachimba, Karoli na Agronomu na majirani wengine waliokuja kwa sababu ya kicheko na wakabaki kwa sababu ya kazi. Kandokando tulipanda magimbi, yanayopenda miguu majini, na wakakubaliana magimbi yawe ya nyumba zote mbili. Juu ya ule udongo mweusi uliohamia kwa Karoli walibishana sana. Mwishowe udongo ukabaki kwake, ndizi za kwanza zitakazoota juu yake ziende kwa Mukecuru.

Tulipomaliza, kila mtu alifurahi isipokuwa mimi. Nilikuwa nikilala nafikiria kile kibao. Mguu wa mbele au wa nyuma? Kwa macho, mteremko mdogo namna ile huuoni. Nikienda kuutazama asubuhi naona unashuka kwenda korongoni. Jioni naona unapanda. Nilimuuliza Agronomu, akasema, "Nadhani iko vizuri, Mama Shabani." Hilo neno nadhani lilinikosesha raha mwezi mzima. Idi ikapita, Pasaka ikapita, manyunyu yakaja, maji yakanywewa na mtaro, hayakutuambia lolote.

Mtu aliyesoma habari za miaka ile atajua mwaka wa tisini na nne uko mbele. Mlima ule haukuuvuka kama ulivyokuwa. Mukecuru Veredi hakuuvuka, na Mzee Karoli sikumwona tena. Sikuwa pale, siwezi kuandika nisiyoyaona, na niliyoyaona kwetu Rwezamenyo hayana nafasi kwenye karatasi hii. Nataka muwajue wale wawili siku ya maji. Nawarudisha hapo.

Siku ile ya Aprili mawingu ya Jali yalishuka saa nane mchana. Yalianza kwa upepo, mabati ya Nyabugogo yakalia chini kule, halafu mvua ikaja kama mtu amepindua pipa. Nilikuwa shambani. Mukecuru Veredi akanipigia kelele niingie ndani, sikuingia. Nilisimama kwenye upenyo wa ua, gunia kichwani, naangalia mtaro.

Ulijaa. Maji mekundu yakaja mpaka kwenye upenyo, yakavuka upande wa Karoli, yakaenda hatua chache, yakasimama. Yakavimba. Yakaanza kuzunguka mahali pamoja, yakibeba majani makavu, kama hayajui njia. Moyo wangu ukaniambia, kibao uliweka mguu wa nyuma, Mwajuma. Umemmaliza bibi wa watu.

Karoli akatokea nyuma ya jiko na jembe, amelowa, akapaza sauti: "Mswahili! Yanakwenda?"

"Hayaendi!"

Akaja mbio, akatumbukiza mkono mpaka begani, akachokonoa, akavuta. Akatoa koti lake. Lile alilolitupa juu ya ua siku ya kukata. Liliteleza mtaroni, udongo ukalifunika, wote tukalisahau. Maji yakashtuka, yakakaa sawa, yakaanza kutembea. Taratibu, kama kipimo chenyewe kinavyotembea. Yakapita nyuma ya jiko, yakapita kwenye magimbi, tukasikia yanavyoanguka korongoni.

"Yanakwenda?" Mukecuru Veredi akauliza kutoka mlangoni kwake.

"Yanakwenda, Verediyana! Yanakwenda!" Karoli akajibu kabla yangu. Alikuwa amelikumbatia lile koti la tope.

Na kwenye njia, nani huyo kama si konseye. Alikuwa ametoka kukagua daraja, mwavuli umegeuka nje ndani, amekimbilia paa la karibu, na paa la karibu lilikuwa jiko la Karoli. Tukaingia sote, tukabanana karibu na moto. Konseye hakutusalimia kwanza. Aliinama, akapitisha kiganja chake sakafuni, pale penye kona palipoingia maji mwezi wa tatu. Akakigeuza kiganja, akakitazama kwenye mwanga wa moto.

"Vumbi," akasema.

Mukecuru Veredi alikuwa ameshavuka kwa Karoli, ameshika nguzo ya mlango wa jiko.

"Mikaratusi nitatafuta mahali pengine," akasema konseye, akakung'uta mikono, akauliza kama kuna cha kula.

Mvua haikuturuhusu kuondoka mpaka jioni. Mukecuru Veredi alirudi kwake, akapita tena kwenye upenyo na chungu chake, amekifunika kwa jani, wajukuu nyuma yake. Jioni ile tulikula jikoni kwa Karoli: maharage ya rangi zote, viazi vitamu, dodo, ule mchicha wa kwetu, zilizokaangwa na kitunguu, na ndizi alizopika Karoli mwenyewe, ambazo, kwa haki kabisa, hazikuwa zimeiva. Tulizila zote.